Gari la Zamani Lisipowaka: Tambua Chanzo Kabla ya Kununua Kipuri

Magari mengi yanayotembea katika barabara za Tanzania yaliingizwa nchini yakiwa yamekwisha kutumika, hasa kutoka Japani, na mengi kati ya hayo yana umri unaozidi miaka kumi. Gari la umri huo laweza kumtumikia mwenyewe kwa muda mrefu likitunzwa. Hata hivyo, ipo siku atageuza ufunguo na injini isiwake. Kwa dereva wa teksi siku hiyo haina mapato. Kwa mfanyabiashara wa mboga mzigo unaharibika. Kwa familia yenye mgonjwa hatari ni kubwa zaidi. Mtu aliyebanwa na haraka ya namna hiyo hukubali kulipia jambo lolote analoambiwa.

Lengo la sura hii si kumfanya mlaji kuwa fundi. Lengo letu ni kumwezesha kutambua gari linakataa kwa namna gani, kupima yale yanayopimika bila gharama, na kumweleza fundi dalili badala ya kumwomba akisie. Kipuri kinachofungwa kwa kukisia hulipiwa na mwenye gari, iwe kimeponya tatizo au la.

1. Mambo ya kutazama kwanza

Kabla ya kufungua boneti, hakikisha kwamba gari limesimama mahali salama na breki ya mkono imevutwa. Ikiwa gari ni la gia za kawaida, weka gia huru. Ikiwa ni la otomatiki, mkono wa gia uwe kwenye P. Magari ya otomatiki yana swichi inayozuia stata kufanya kazi gari likiwa kwenye gia ya mwendo, na swichi hiyo huchakaa. Stata isipoitika mkono ukiwa kwenye P, kanyaga breki, sogeza mkono hadi N, kisha ujaribu tena. Injini ikiwaka, utakuwa umejua kwamba betri na stata ni nzima, na kwamba kinachohitaji kurekebishwa ni swichi hiyo.

Tazama pia dashibodi. Baadhi ya magari yana kifaa cha kuzuia wizi kinachoutambua ufunguo halisi wa gari, na taa yake huwa na alama ya ufunguo au kufuli. Taa hiyo ikiendelea kumetameta baada ya ufunguo kugeuzwa, jaribu ufunguo wa akiba kabla ya kutafuta kosa kwenye injini.

Usivute sigara wala kuwasha kiberiti karibu na injini. Betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni ambayo hulipuka ikipata cheche, na maji yaliyomo ndani ya betri ni tindikali inayounguza ngozi na macho. Ukisikia harufu kali ya petroli, acha kupiga stata mpaka chanzo cha harufu hiyo kijulikane.

2. Sauti ya gari hueleza mengi

Neno «haliwaki» hutumika kwa matatizo yasiyofanana hata kidogo. Geuza ufunguo mara moja, usikilize kwa makini, kisha ulinganishe ulichosikia na dalili hizi.

Kimya kabisa, na taa za dashibodi haziwaki au ni hafifu sana. Umeme haufiki. Anza na betri na viunganishi vyake.

Kimya, lakini taa zote zinang'aa kama kawaida. Betri huenda ni nzima, ila amri ya ufunguo haifiki kwenye stata. Watuhumiwa ni swichi ya gia, swichi ya ufunguo, fyuzi, rilei au waya mwembamba unaokwenda kwenye stata.

Mlio wa «ta-ta-ta-ta» unaofuatana kwa haraka, au injini kuzunguka kwa uzito kama iliyochoka. Umeme upo, lakini hautoshi. Betri imeishiwa chaji au viunganishi vimelegea.

Mlio mmoja mzito wa «tak», kisha kimya. Ikiwa betri ni nzima, mara nyingi kosa limo ndani ya stata.

Injini inazunguka kwa nguvu yake ya kawaida lakini haishiki. Betri na stata zinafanya kazi. Tafuta kosa kwenye mafuta au kwenye cheche za plagi.

Yako mazingira mawili ambayo mlaji hapaswi kuendelea kujaribu. La kwanza ni injini kuzunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kama kitu kisicho na mzigo. Huenda mkanda wa taimingi umekatika, na kuendelea kupiga stata kwaweza kuharibu vali. La pili tunalieleza katika sehemu ya sita.

Jaribio la taa husaidia pale sauti inapotatanisha. Washa taa kubwa, mwombe mtu mwingine apige stata, nawe uzitazame. Zikififia sana, betri ni dhaifu au viunganishi ni vibovu. Zikizimika kabisa, kiunganishi kimelegea. Zisipobadilika na stata isiitike, amri haifiki kwenye stata. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote.

3. Betri: pima kabla ya kuitupa

Betri ndiyo hulaumiwa kwanza, na mara nyingi lawama hiyo ni ya haki. Joto hufupisha maisha ya betri, kwa hiyo katika miji yenye joto kama Dar es Salaam na Tanga mlaji asishangae betri ikichoka mapema kuliko alivyotarajia. Hata hivyo, betri iliyoishiwa chaji si lazima iwe betri iliyokufa.

Anza na vichwa vyake. Ungaunga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri huzuia umeme kupita. Jaribu kuzungusha kila kibano kwa mkono, kikizunguka, kimelegea. Ili kusafisha, zima gari, fungua kwanza kibano cha hasi, kisha cha chanya. Mimina maji ya uvuguvugu yaliyochanganywa na magadi, sugua kwa brashi, suuza, kausha, kisha ukaze cha chanya kwanza na cha hasi mwisho. Vaa glavu na ulinde macho. Fuata pia waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini, kwa sababu sehemu hizo hupata kutu bila kuonekana.

Baada ya hapo tumia mita ya kupimia volti. Gari likiwa limepumzika kwa saa kadhaa, betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki na takriban nusu ya chaji, na ikiwa chini ya 12 imeishiwa. Kisha soma mita wakati stata inapigwa. Volti zikishuka chini ya 9.6 hali betri ilikuwa imechajiwa vizuri, betri hiyo imechoka. Mwisho, gari likiwaka, soma tena. Volti kati ya 13.5 na 14.7 zinaonyesha kwamba altaneta inachaji. Zikibaki 12 na kitu, betri haichajiwi, na kununua mpya hakutasaidia.

Hapa ndipo mlaji anapopoteza fedha nyingi bila kujua. Tuchukue mfano wa gari ambalo altaneta yake imeacha kuchaji. Mwenye gari anaambiwa betri imekufa. Ananunua mpya, nayo ikiwa imetoka dukani na chaji, gari linawaka mara moja. Fundi analipwa, kila mtu anaridhika. Baada ya siku chache betri mpya nayo inaishiwa chaji, na mwenye gari anarudi dukani kulalamika kwamba ameuziwa betri mbovu, hali betri haina kosa. Mfano wa pili ni wa gari lenye vichwa vya betri vilivyojaa ungaunga. Wakati wa kufunga betri mpya fundi anavikwangua, gari linawaka, na betri ya zamani iliyokuwa nzima inaachwa gerejini. Katika mifano yote miwili gari liliwaka, lakini kuwaka kwake hakukuthibitisha kwamba kipuri kilichonunuliwa ndicho kilichohitajika.

Ikiwa betri ni nzima na altaneta inachaji, lakini kila asubuhi gari halina nguvu, huenda kuna kitu kinachonyonya umeme usiku. Mara nyingi ni redio au king'ora kilichofungwa baadaye, au taa ya buti isiyozimika. Fungua kibano cha hasi jioni moja, ukirudishe asubuhi. Gari likiwaka vizuri, mwambie fundi wa umeme atafute kinachonyonya. Tambua tu kwamba saa na redio huenda zikapoteza kumbukumbu.

4. Stata: si kila mara inabadilishwa nzima

Stata ikitoa mlio mmoja mzito bila kuzungusha injini, na betri imethibitika kuwa nzima, fundi anaweza kupendekeza stata nyingine kutoka kwenye gari lililokatwa. Kabla ya kukubali, uliza kama ya kwako imefunguliwa na kuchunguzwa. Katika stata za magari mengi ya Kijapani, Toyota za zamani zikiwemo, kinachochakaa ni vipande vidogo vya shaba vilivyomo ndani ya solenoidi, ambavyo hupitisha umeme mwingi kila gari linapowashwa. Vipande hivyo, pamoja na kaboni za stata, hubadilishwa peke yake kwa gharama iliyo ndogo kuliko ya stata nzima. Isitoshe, stata iliyokwisha kutumika huja na shaba na kaboni zilizokwisha kulika pia.

Dalili inayoelekeza huko ni hii: gari linatoa mlio mmoja mara tatu au nne, kisha mara ya tano linawaka kama halikuwa na tatizo lolote, na hali hiyo inazidi wiki hadi wiki. Mwenye gari anayeona dalili hiyo ana muda wa kujipanga na kulinganisha bei. Asisubiri mpaka gari limkatalie safarini.

5. Injini inazunguka lakini haishiki

Injini ya petroli huhitaji mafuta, hewa na cheche kwa wakati wake. Ikiwa inazunguka kwa nguvu bila kushika, kimojawapo kimekosekana.

Anza na mafuta. Mshale wa geji katika gari la zamani hauaminiki sana, hivyo kuongeza lita chache ni jaribio la busara. Kwa gari lenye pampu ya umeme, geuza ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake bila kupiga stata, kisha sikiliza upande wa tangi. Katika magari mengi pampu huvuma kwa sekunde chache. Kimya chaweza kumaanisha fyuzi iliyoungua, rilei mbovu au pampu iliyokufa. Ziko pampu ambazo hazivumi mpaka injini izunguke, kwa hiyo kimya peke yake si ushahidi wa kutosha. Fyuzi ikaguliwe kwanza, kwa kuwa ndiyo yenye gharama ndogo kuliko zote. Ikiungua tena baada ya kubadilishwa, usiweke yenye ampea kubwa zaidi wala kipande cha waya. Nyaya zaweza kushika moto.

Gari la kabureta lina tabia zake. Asubuhi ya baridi, kama zile za Njombe au Arusha mwezi Julai, huhitaji choki. Likikanyagwa mafuta mara nyingi bila kuwaka, plagi hulowa petroli na harufu husikika. Katika hali hiyo subiri dakika kadhaa, kanyaga mafuta hadi mwisho bila kuyapampu, kisha piga stata. Kila unapopiga stata isizidi sekunde 10, na uipumzishe angalau nusu dakika kabla ya kurudia, la sivyo itaungua.

Kwa upande wa cheche, tazama plagi, nyaya zake, kofia ya distributa ikiwa gari linayo, na koili. Unyevu ni adui mkubwa: gari lililokataa mara baada ya injini kuoshwa au baada ya usiku wa mvua huenda linahitaji kukaushwa tu. Gari linalozima injini ikiwa moto, kisha likawaka likipoa, mara nyingi lina koili au kifaa cha kuongoza cheche kinachoshindwa kwa joto. Mweleze fundi dalili hiyo kwa ukamilifu. Akilipima likiwa limepoa hataona kosa lolote.

Jaribio la cheche lifanywe na fundi, kwa kuwa umeme wa koili ni mkali na mvuke wa petroli hushika moto. Mlaji ana haki ya kusimama kando na kuonyeshwa matokeo. Cheche zikiwepo, hakuna sababu ya kuuziwa koili.

Kwa gari la dizeli, kumbuka kusubiri taa ya koili za kupashia joto izimike kabla ya kupiga stata. Likigoma mara baada ya kuishiwa mafuta au kubadilishwa chujio, hewa imeingia katika mfumo na inapaswa kutolewa.

6. Gari lililozimika ndani ya maji

Wakati wa mvua kubwa, madereva hujaribu kupita katika mabonde yaliyofurika, kama inavyotokea mara kwa mara Jangwani jijini Dar es Salaam. Gari likizimika ndani ya maji, usipige stata hata mara moja. Maji yaliyovutwa na injini hayashindiliki kama hewa, na pistoni ikiyakuta ndani ya silinda yaweza kupinda fimbo inayoiunganisha na mtaimbo wa injini. Livutwe mpaka mahali pakavu, plagi zitolewe, maji yatolewe, na oili ikaguliwe kabla ya jaribio lolote. Jaribio moja la pupa laweza kugeuza kazi ya siku moja kuwa ununuzi wa injini.

7. Kuazima umeme wa gari jingine na kusukuma

Betri mbili ziwe za volti 12, na magari yasigusane. Funga waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyoishiwa, kisha kwenye chanya ya betri nzima. Funga waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokataa, mbali na betri yake. Ncha hiyo ndiyo hutoa cheche, na ndiyo sababu haifungwi karibu na gesi ya betri. Gari likiwaka, ondoa nyaya kwa mpangilio wa kinyume. Kubadilisha chanya na hasi kwaweza kuunguza altaneta na kompyuta ya gari.

Gari la gia za kawaida laweza kuwashwa kwa kusukumwa. La otomatiki halisukumwi. Kwa vyovyote vile, njia hizi mbili hukufikisha gerejini, hazijatibu chochote.

8. Mlaji mbele ya fundi

Mafundi wengi ni waaminifu, na fundi mzuri hufurahia mteja anayeeleza dalili kwa usahihi. Tunashauri mambo yafuatayo.

Eleza ulichokisikia na ulichokiona, usitaje kipuri. Ukisema «nataka betri», utauziwa betri. Ukisema «inatoa mlio mmoja mzito na taa hazififii», fundi atapima.

Uliza swali hili kabla ya kukubali kazi: «Fundi, umejuaje?» Jibu liwe ni kipimo au jambo unaloweza kuonyeshwa. Jibu la «magari haya huwa hivyo» halitoshi.

Elewaneni mapema kuhusu ada ya uchunguzi, gharama ya vipuri na ufundi, na uombe yaandikwe. Taja kwamba hakuna kipuri kitakachobadilishwa bila ridhaa yako.

Omba kurudishiwa kipuri kilichotolewa. Ni mali yako, na ni ushahidi.

Kagua kipuri kipya kabla hakijafungwa. Plagi na betri ni miongoni mwa bidhaa zinazoghushiwa. Maandishi yenye makosa ya tahajia, chapa iliyofifia, boksi lililofunguliwa na bei iliyo chini mno ni dalili za kutilia shaka.

Dai risiti ya kielektroniki na hati ya dhamana yenye tarehe. Bila hivyo ni vigumu kudai haki yako betri ikifa baada ya mwezi mmoja.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha au kumdanganya mlaji kuhusu bidhaa au huduma, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inahusika na bidhaa bandia. Mlaji aliyeuziwa kipuri bandia, au aliyetozwa fedha kwa kazi isiyofanyika, aanze kwa kumweleza muuzaji au fundi madai yake kwa maandishi. Asiporidhika, awasilishe malalamiko kwa Tume ya Ushindani akiwa na risiti, makubaliano na kipuri chenyewe. Malalamiko yasiyo na vielelezo ni vigumu kuyashughulikia, hata yakiwa ya kweli.

Tunawashauri wenye magari waweke daftari dogo ndani ya gari. Yaandikwe humo tarehe ya kununuliwa betri, vipimo vya volti kila yanapofanywa matengenezo, na kila dalili iliyojitokeza. Siku gari litakapokataa kuwaka, kurasa hizo zitampa fundi mahali pa kuanzia, na zitamzuia mwenye gari kulipia mara ya pili kitu alichokwisha kukinunua.